Septiki ikijaa, usikimbilie kuchimba nyingine

MVUA za masika zinapokolea, malalamiko ya aina moja husikika katika senta nyingi za vijijini hapa nchini. Choo cha ndani kimegoma. Maji yakimwagwa yanapanda badala ya kushuka. Nyuma ya nyumba majani yamestawi kuliko bustani ya mchicha, ardhi inabonyea ikikanyagwa, na harufu haifichiki hata kwa wageni. Fundi anaitwa, anazunguka mara moja, anatoa hukumu: shimo limejaa, lichimbwe lingine.

Mwenye nyumba anauza mbuzi, au magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande. Shimo jipya linachimbwa, la zamani linafukiwa. Baada ya miaka mitatu au minne hadithi inarudi palepale. Zipo nyumba ambazo uwanja wake wa nyuma umekwishageuka makaburi ya septiki, na mwenye nyumba anaanza kuutazama uwanja wa mbele.

Sehemu kubwa ya fedha hizo inapotea bure. Mara nyingi kilichokufa ni udongo unaonyonya maji, na umekufa kwa sababu tangi lililo mbele yake halikufanya kazi yake: halikujengwa kama tangi, au lilijengwa vizuri likasahaulika. Kuchimba shimo jipya bila kugusa chanzo hicho ni sawa na kubadilisha gurudumu kila siku huku msumari umeachwa njiani.

Miaka ishirini iliyopita jambo hili lilihesabiwa kuwa la mjini. Leo sivyo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Watanzania walikuwa 61,741,120, na karibu theluthi mbili kati yao waliishi vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na kila umeme ulipofika, pampu ya kisima na tangi la maji juu ya mnara vilifuata. Kijana aliyeko Dar es Salaam au Mwanza anawajengea wazazi wake nyumba ya bati la rangi, na siku hizi nyumba hiyo haihesabiwi kuwa imekamilika bila choo cha ndani. Pembeni ya mnada kuna nyumba ya wageni yenye vyumba kumi, kila kimoja na bafu lake. Kuna zahanati, baa, shule ya bweni.

Kampeni za taifa hazikulenga huko. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017 zilihimiza kila kaya iwe na choo bora, na hilo lilistahili. Lakini choo cha shimo kinapokea kinyesi na maji kidogo, wakati septiki inapokea mamia ya lita za maji kila siku. Maji hayo lazima yaende mahali fulani.

Tangi na udongo wake

Septiki kamili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja, chini wala pembeni. Ndani yake uchafu mzito unatua na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu na kufanya utando, na katikati yanabaki maji. Vijidudu visivyohitaji hewa vinaendelea kulila lile tope na kulipunguza. Ili kutua huko kufanyike, maji yanatakiwa yakae humo kwa muda wa saa 24 hivi. Ndiyo sababu tangi hugawanywa kwa ukuta wa ndani, chumba cha kwanza kikichukua theluthi mbili, na ndiyo sababu bomba la kuingilia na la kutokea huwekewa tii inayoelekea chini. Tii ya kutokea inachota maji ya katikati na kuacha utando juu na tope chini. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, na ndicho mafundi wengi hukiruka.

Sehemu ya pili ni mahali pa kunyonyea: shimo lililojengwa kwa mawe au tofali zenye nafasi, au mtaro mrefu uliojazwa kokoto na bomba lenye matundu. Maji yanayofika hapo yanaweza kuonekana meupe, lakini bado yamejaa vimelea vya magonjwa. Yanasafishwa na udongo, yakipita polepole katika chembe zake. Tangi linaulinda udongo usizibwe. Udongo unawalinda watu.

Utaratibu huu si mpya. Mfaransa Jean-Louis Mouras anatajwa kuwa alijenga tangi la namna hii katika miaka ya 1860, na jina la septiki lilienea kutoka mji wa Exeter, Uingereza, katika miaka ya 1890. Msingi wake haujabadilika tangu hapo. Anayekuja kijijini akidai ana septiki "isiyojaa milele" anauza maneno.

Sasa tazama kinachojengwa hasa. Shimo la futi kumi au zaidi, kuta za tofali zilizopangwa bila plasta, chini udongo mtupu, juu slabu ya zege. Bomba la inchi nne linaingia, hakuna linalotoka. Watu huliita septiki, na linapewa bei ya septiki, lakini ni choo cha shimo kilichowekewa sinki la kisasa. Miezi ya kwanza linafanya kazi vizuri sana, jambo linalompa fundi sifa. Kisha mafuta ya jikoni, sabuni na kinyesi vinapaka kuta utando mweusi unaoteleza, udongo unaziba, na kazi inasimama. Katika udongo wa kichanga linaweza kuchukua miaka mingi kuziba, na hapo ndipo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu uchafu unashuka moja kwa moja kwenye maji ya ardhini na mwenye nyumba anajisifu kuwa shimo lake halijai.

Hesabu ya kaya moja

Chukua kaya ya watu wanane yenye maji ndani, kila mtu akitumia lita 80 kwa siku kwa choo, kuoga, kufua na jikoni. Hizo ni lita 640 kwa siku, na tangi linahitaji nafasi hiyo ili maji yakae siku moja. Tope hukadiriwa kuongezeka hadi lita 40 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa watu wanane na miaka mitano ni lita 1,600. Jumla ni lita 2,240. Tangi lenye urefu wa ndani wa mita 2.4, upana wa mita moja na kina cha maji cha mita 1.2 linabeba lita 2,880, kwa hiyo lina akiba ya wageni wa Krismasi na Idi. Juu ya maji ziachwe sentimita 30 za hewa.

Tangi hilo linakula tofali za saruji za inchi sita zipatazo 125, na mifuko 12 hadi 14 ya saruji ya kilo 50 kwa zege la chini, slabu ya juu, kujengea na plasta. Nondo za slabu, mchanga, kokoto, mabomba na nguvu kazi ni juu yake. Kila msomaji anajua bei za dukani kwake. Akizidisha ataona kwamba tangi la kaya moja si mzigo wa kutisha likilinganishwa na nyumba yenyewe; linagharimu chini ya vile wengi wanavyotumia kwenye madirisha ya alumini na geti.

Gharama inayowashinda watu imejificha kwenye udongo, na hapo ndipo makadirio ya mafundi huwa ya kubahatisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1992 kuhusu usafi wa majumbani unatoa viwango vya kufuata: mchanga mnene unaweza kupokea lita 50 za maji ya septiki kwa kila mita ya mraba kwa siku, tifutifu lita 25, na mfinyanzi ulioshikamana lita 10. Ukipeleka lita 640 za kaya yetu kwenye mchanga, unahitaji karibu mita 13 za mraba za kuta za kunyonyea. Shimo moja la upana wa mita 1.5 linalonyonya kwa kina cha mita 2.75 linatosha. Kwenye tifutifu unahitaji mita 26 za mraba: mashimo mawili ya aina hiyo, au mtaro wa mita 13 unaonyonya pande zote mbili kwa kina cha mita moja. Kwenye mfinyanzi ni mita 64 za mraba, yaani mtaro wa mita 32. Kaya ileile, tangi lilelile, lakini ardhi imezidisha kazi mara tano.

Ndiyo maana ramani iliyonakiliwa kutoka Kibaha haifai Kwimba. Udongo mwekundu wa volkano katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru kwa kawaida hupitisha maji vizuri. Kwenye mbuga nyeusi za Shinyanga na Simiyu udongo unavimba masika na kupasuka kiangazi. Haunyonyi, na unaweza kupasua tangi lenyewe kama msingi wake ni hafifu. Pwani, mchanga unanyonya haraka mno na maji ya ardhini yako karibu. Kwenye miamba ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja, maji yanapita kwenye nyufa bila kuchujwa kabisa. Katika miteremko ya Usambara, maji yanayozikwa juu yanaweza kuibuka chini, katika shamba la jirani.

Kipimo cha udongo hakihitaji maabara. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho maji yatanyonywa, kijaze maji, kiache kilowe usiku kucha. Asubuhi jaza tena na upime kwa rula maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu, mahali hapo hapafai shimo la kawaida la kunyonyea. Na mtu asidanganywe na kiangazi. Shimo lililochimbwa Septemba likawa kavu hadi chini linaweza kukutwa na maji ya ardhini Aprili. Cha kufanya ni kuuliza majirani maji ya visima vyao hupanda hadi wapi masika ikiisha. Sakafu ya shimo inatakiwa ibaki juu ya kimo hicho kwa mita moja na nusu au zaidi.

Penye mbuga, uamuzi wa busara unaweza kuwa kutojenga septiki kabisa. Choo cha kumwagia maji kwa kopo hutumia lita mbili au tatu kwa safari, wakati tangi la kufulashi linaweza kumaliza lita tisa. Familia inayochota maji kwa ndoo haina haja ya septiki. Mashimo mawili yanayotumika kwa zamu yanatosha, na maji ya kuoga yakaelekezwa kwenye migomba. Kwa taasisi kama shule, kitanda cha kokoto kilichopandwa matete baada ya tangi ni njia nyingine, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Kinahitaji ardhi, kitu ambacho shule ya kijijini kwa kawaida inacho.

Kisima cha nani?

Kanuni inayotumika sana ni kuacha mita 30 kati ya mahali pa kunyonyea na kisima, kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko. Kwa mito, maziwa na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60.

Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, kama vinavyokatwa katika senta nyingi zinazokua. Kutoka pembe moja hadi pembe inayoitazama ni mita 28. Maana yake mwenye kiwanja hawezi kuwa na kisima na septiki vinavyopishana mita 30 hata akiviweka pembe kwa pembe. Na hata akikaribia, pembe yake ni ukuta wa jirani. Mmoja anachimba kisima upande wa mashariki, mwingine anakuja baada ya mwaka anaweka shimo lake upande wa magharibi wa kiwanja chake, na kati yao kuna mita sita. Kila mmoja amejenga kwake. Hakuna aliyevunja ukuta wa mwenzake. Anayelipa ni mtoto anayekunywa maji ya kile kisima bila kuchemshwa.

Wachumi wanaijua hali hii: faida inabaki kwa anayejenga, hasara inavuka mpaka. Bei ya sokoni haiwezi kuirekebisha, kwa sababu fundi halipwi kwa ajili ya jirani. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani kilionyesha hasara hiyo inavyoweza kusafiri. Dawa iko katika kikao cha kijiji, kabla viwanja havijagawiwa: kisima kimoja kirefu au bomba la Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, lihudumie senta nzima, na visima vifupi ndani ya viwanja vizuiwe kwa sheria ndogo. Ni rahisi kuandika sheria hiyo wakati viwanja ni vitupu. Zikishajengwa nyumba hamsini, afisa afya wa kata atabaki kushauri tu.

Kabla ya kufukia

Kwa nyumba ambayo tayari ina matatizo, hatua ya kwanza ni kufungua mfuniko na kutazama. Si kazi ya dakika tano, kwa sababu mifuniko mingi imezikwa chini ya udongo au sakafu ya baraza, lakini inaokoa fedha nyingi.

Kama maji ndani ya tangi yamepanda juu ya bomba la kutokea, tangi halina kosa. Mahali pa kunyonyea pamezidiwa. Kama maji yako usawa wa bomba la kutokea lakini choo kinarudisha, tatizo ni bomba kati ya nyumba na tangi, na dawa yake inaweza kuwa fimbo ya kuzibulia na saa moja ya kazi. Kama maji yako chini ya bomba la kutokea, tangi linavuja, nalo ndilo jambo baya kuliko yote, ingawa ndilo lisilonuka. Hapo tangi linyonywe, lioshwe, na plasta irudiwe kwa saruji na dawa ya kuzuia maji.

Shimo la kunyonyea likizidiwa, dawa ina hatua mbili ambazo hazitenganishiki. Kwanza tangi linyonywe na kukaguliwa tii na ukuta wa ndani, la sivyo shimo jipya litapokea tope lilelile. Kisha lichimbwe shimo la pili au mtaro, na chemba ndogo ijengwe kati yao ili maji yaelekezwe upande mmoja na mwingine upumzike. Udongo ulioziba haujafa moja kwa moja. Ukiachwa mkavu kwa miezi kadhaa hadi mwaka, hewa inaingia, utando unaliwa na vijidudu, na sehemu kubwa ya uwezo wake inarudi. Hivyo anayefukia shimo la zamani anafukia mali. Mashimo mawili yanayopokezana yanaweza kumaliza haja ya la tatu.

Maji ya mvua nayo yahukumiwe. Mabati ya nyumba ya mita za mraba 100 yanapopokea milimita 30 za mvua yanatoa lita 3,000, zaidi ya tangi letu zima, kwa mchana mmoja. Mwenye nyumba aliyeunganisha mfereji wa paa kwenye chemba ya choo anasukuma tope lote kwenye udongo kila mvua inaponyesha.

Kwa mwenye nyumba ya wageni au mgahawa, ukubwa upimwe kwa siku ya mnada, siyo kwa Jumatatu ya kawaida. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye kisanduku cha kunasa mafuta kinachosafishwa kila wiki. Mafuta ya chipsi yameua mashimo mengi kuliko kinyesi. Maji ya kukoboa kahawa na damu ya machinjio visiingie kwenye septiki ya nyumba hata kidogo.

Matangi ya plastiki ya kuhifadhia maji yanayozikwa kama septiki ni akiba ya bandia. Yametengenezwa yasimame juu ya ardhi. Siku yakinyonywa, uzito wa udongo unaweza kuyabonyeza, au maji ya ardhini yakayainua kama mtumbwi. Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuzikwa, na muuzaji aulizwe hivyo waziwazi. Kuhusu unga na dawa za kumwaga chooni ili "kula kinyesi", Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limeshasema hazihitajiki katika septiki ya nyumbani. Kinyesi chenyewe kimejaa vijidudu vya kutosha.

Gari halifiki

Ushauri wa kunyonya tangi kila baada ya miaka mitatu hadi mitano unasikika vizuri Kinondoni. Huko Kibondo au Ludewa, gari la majitaka linaweza kuwa umbali wa nusu siku, na mwenye gari anadai mafuta ya kwenda na kurudi.

Hata hivyo hesabu bado inalipa ikipangwa mapema. Tuseme safari moja ni shilingi 240,000. Ikigawanywa kwa miaka mitano ni shilingi 4,000 kwa mwezi, haifiki bei ya kilo ya nyama. Kinachofanya ionekane kubwa ni kwamba inadaiwa kwa siku moja, tena wakati ambao maji yameshafurika na mwenye gari anajua mteja hana pa kukimbilia. Kaya tano au sita za senta moja zikikubaliana kunyonya wiki moja, Agosti au Septemba barabara zikiwa kavu na baada ya mavuno kuuzwa, gharama ya barabara inagawanyika. Vyama vya kuweka na kukopa vinavyokopesha pembejeo havina sababu ya kukataa mkopo wa namna hii. Mwenye gari aulizwe pia anamwaga wapi. Akitaja mto, amekwenda kumnywesha mtu wa chini.

Pale ambapo gari halifiki kabisa, tangi lisijengwe likitegemea gari. Mashimo mawili ya zamu ndiyo jibu: moja linatumika, lingine limefungwa. Miongozo ya WHO ya mwaka 2006 inaeleza kwamba kinyesi kilichohifadhiwa bila kuongezewa kipya, penye joto la nyuzi 20 hadi 35, kikae zaidi ya mwaka mmoja. Penye baridi, kama nyanda za juu za Njombe na Makete, mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mayai ya minyoo ya tumbo ndiyo yanayochelewa kufa. Baada ya hapo kinachotolewa ni udongo mweusi ambao mkulima mwenye migomba, miparachichi au miti ya mbao ataupenda. Kwenye mchicha na karoti usitumike.

Mfugaji mwenye ng'ombe wa ndani ana njia ya ziada. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, kimeshughulika na mitambo ya gesi ya samadi tangu miaka ya 1980, na choo kinaweza kuunganishwa kwenye mtambo huo. Kwa familia inayonunua mkaa, tangi linaloleta moto jikoni linajilipa lenyewe. Tatizo ni sabuni na dawa za kusafishia: maji ya kuoga na kufua yabaki nje ya mtambo.

Kitu kimoja kisifanywe na yeyote, hata kwa malipo makubwa: kuingia ndani. Dar es Salaam wanaotapisha vyoo kwa mikono huitwa vyura, na kazi yao imewagharimu wengi afya. Ndani ya tangi kuna hewa ya sumu isiyoonekana, na anayeteremka kumwokoa aliyeanguka huanguka naye. Vijana wa kijijini hawana barakoa za gesi.

Na kwa anayejenga leo, malipo ya mwisho ya fundi yasitoke kabla ya kipimo cha maji. Kabla slabu haijawekwa, tangi lijazwe hadi bomba la kutokea, liachwe siku moja tofali zilowe, liongezwe, kisha alama ichorwe ukutani kwa msumari. Kesho yake maji yakiwa yameshuka zaidi ya upana wa kidole, plasta irudiwe kwa gharama ya fundi, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji. Mifuniko miwili, mmoja kwa kila chumba, ibaki juu ya ardhi mahali ambapo bomba la gari litafika, na juu ya zege bichi iandikwe tarehe. Baada ya miaka mitatu, kijiti kirefu kilichofungwa kitambaa cheupe kitateremshwa hadi sakafuni. Sehemu iliyopakwa tope ikifika theluthi ya kina cha maji, ni wakati wa kuitisha kikao cha majirani kuhusu gari.